Maji Yaliyomfuata Maitu Birikani

Vijana wangu wa kanisa, mmeniletea karatasi yenye swali moja tu: maji katika Maandiko yana maana gani? Mmeniuliza mimi, mkamruka mchungaji, ati kwa sababu nimefanya kazi ya maji miaka mingi. Hiyo ni kama kumuuliza muuza kuni habari za moto wa Jehanamu. Lakini mwandiko wenu ni mzuri, nafasi ya kujibu mmeniachia kubwa, na mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, sina safari ya kusingizia. Basi vuteni viti.

Kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga koki. Msicheke. Mradi wetu wa maji ulikuwa wa harambee, mtaro wake ulichimbwa kwa majembe na babu zenu na nyanya zenu miaka michache baada ya uhuru, na mabomba yalishusha maji kutoka ukingo wa msitu wa mlima hadi hapa kwetu nje ya mji wa Nyeri. Hakukuwa na injini. Mteremko wenyewe ndio ulikuwa injini. Kwa kuwa maji hayakutosha watu wote kwa siku moja, mtu mmoja alitakiwa kuzunguka na chuma kirefu chenye mkono wa kukingama juu, anafunga hapa, anafungua pale. Mtu huyo nilikuwa mimi. Akina mama hawakuniita kwa jina langu hata mara moja. Waliniita Maji. "Maji anapita!" "Maji, jana ulitusahau, ama umepata bibi mwingine upande wa chini?" Nilipooa, majirani walisema binti wa watu ameolewa na Maji na maji hayatulii nyumbani. Walikosea sana. Mke wangu angelipa mtu anitoe nyumbani hata kwa siku moja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Wafula, msimamizi wetu, mtu wa kutoka magharibi. Alikuwa mnene, mpole, na alitembea kama mtu ambaye hajawahi kuchelewa. Siku ya kwanza alinitazama viatu, kwa maana nilikuja na viatu vya ngozi nilivyovaa kwenye mtihani wa kidato cha nne.

"Umesoma," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Lakini bomba haijasoma. Ukifungua koki, fungua robo. Hesabu mpaka mia. Kisha robo ingine. Bomba ikiwa tupu imejaa hewa, na hewa ni kama mgeni amekaa sana. Ukimsukuma atoke mbio, atatoka na mlango."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mwezi huo huo nikaachwa peke yangu, na kwa kuwa nilikuwa na njaa na nyumbani kulikuwa na githeri, nilifungua koki yote kwa mara moja. Kwanza bomba lilinguruma. Halafu likanyamaza. Halafu, huko chini, kiungo kiliruka, na maji yakasimama wima kama mnazi katikati ya kabichi za chifu. Chifu mwenyewe alikuwamo ndani ya kabichi hizo, akizikagua, na suti yake ya Jumapili. Mzee Wafula alipofika alizitazama kabichi zikielea, akanitazama mimi, akauliza kwa upole wake ule, "Hii ni gharika ya Nuhu ama ni wewe?"

Toka siku hiyo, nikisoma habari za Nuhu siioni safina kwanza. Naona kabichi. Na hilo ndilo jibu langu la kwanza kwenye karatasi yenu: kabla hujahubiri kwamba maji ni uzima, kumbuka kwamba katika ukurasa wa kwanza kabisa yamo gizani, na kurasa chache mbele yanazika dunia nzima. Ni maji yale yale. Hakuna mahali Maandiko yanasema yaliletwa mengine.

Mchungaji wetu wa miaka hiyo ya sabini, Mchungaji Mutua, hakuliona hivyo. Alitoka Ukambani, mahali ambapo mtu hutembea nusu siku kutafuta debe moja. Kwake maji yalikuwa kitu cha kuombewa tu, hayakuwa na upande mwingine. Alituhubiria mwamba wa jangwani uliotoa maji, na mwanamke Msamaria kisimani, na Naamani aliyetoka Yordani na ngozi kama ya mtoto, na akifika kwenye mto wa uzima wa kule mwisho wa Ufunuo alikuwa analia kabisa, analamba midomo. Sisi tulitazama nje dirishani, mvua ya Aprili ikichukua udongo wetu kuupeleka tusikokujua, tukasema amina kwa adabu.

Mtu mmoja hakusema amina. Huyo ni mama ya mke wangu, nami nilimwita Maitu, yaani mama, kama desturi yetu inavyotaka.

Nyinyi wa siku hizi mnakaa na mama mkwe kochi moja mkitazama televisheni. Zamani hakukuwa na mchezo huo. Kati ya mwanamume na mama mkwe kulikuwa na heshima tunayoiita thoni. Nikimwona njiani nilipita kando. Hakula mbele yangu, mimi sikula mbele yake, na akitaka kuniambia jambo alimwambia mke wangu nami nikiwa pale pale nasikia. "Mama Wambui, mwambie Baba Wambui paa yake inavuja." Nami ninamjibu mke wangu, "Mwambie nimeiona." Hivyo ndivyo tulivyozungumza miaka yote, kama watu wawili wenye mkalimani wa lugha moja.

Sasa, Maitu alikuja kanisani kila Jumapili na hakuwa amebatizwa. Kanisa letu linabatiza kwa kuzamisha, na asiyebatizwa haketi Meza ya Bwana. Kwa hiyo kila Jumapili ya Meza, kikombe kikianza kuzunguka, Maitu aliinuka kimya kutoka benchi la nyuma, akaenda jikoni kwa kanisa kumenya viazi vya chakula cha mchana. Aliingia kijana mchungaji akatoka mzee, akaja mwingine, na Maitu bado anamenya viazi. Watu walidhani anapenda jikoni. Wengine walimsifu, ati ana moyo wa Martha.

Mimi nilijua sababu nusu nusu. Mtoto wake wa kwanza, Wanjiru, alichukuliwa na mto Gura akivuka gogo siku ya mvua. Mke wangu alizaliwa baadaye, na hakuwahi kusikia habari hiyo kutoka kinywani mwa mama yake hata siku moja. Alisikia kwa shangazi. Mchungaji Mutua alipomwendea Maitu kumhimiza, akamweleza kwamba kubatizwa ni kuzikwa ndani ya maji na kufufuka, Maitu alimjibu maneno machache.

"Mimi niko na mtu amezikwa huko tayari. Yeye hajafufuka."

Mchungaji, kwa huruma, akamwambia basi tunaweza kuomba ruhusa anyunyiziwe kidogo tu kichwani. Maitu akakataa. "Mimi si sukumawiki bustanini."

Kwa hiyo akarudi kwenye viazi. Lakini mwaka mmoja alianza kukohoa, na siku moja mke wangu alimkuta amekaa jikoni kwa kanisa, kisu mkononi, viazi havijaguswa, anasikiliza wenzake wakiimba wimbo wa Meza. Akamwambia mke wangu, "Nimechoka kusikia hii wimbo kutoka huku." Mke wangu alikuja akanieleza huku analia, nami nilienda kutengeneza mlango wa kuku ambao haukuwa umeharibika.

Hapa sharti niwapeleke Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, mnisamehe. Mradi ulinituma huko wiki moja nikajifunze milango ya mifereji. Siku ya pili nilishaanza kutamani nyumbani. Baridi hakuna, mbu wapo, wali asubuhi, wali jioni. Tulipopita Kutus nikirudi nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa jela. Lakini nilikuwa nimeona kitu kimoja, na jioni nilipofika nikawasimulia watoto wangu. Niliwaambia: kule mpunga hauendi majini. Umesimama mahali pake, na maji ndiyo yanaufuata, kidogo kidogo, yanamfikia mkulima vifundoni, naye akisema basi, anashusha mlango, nayo yanasimama. Watoto wakasinzia. Nilijua masimulizi yangu yamefika mwisho.

Kumbe Maitu alikuwa upande wa pili wa ukuta, jikoni kwetu, amekuja kuleta majani chai. Kesho yake mke wangu akaniambia mbele yake, na macho ya mama yake yote mawili yakitazama sufuria:

"Maitu anauliza, hiyo maji ya Mwea, mtu akisema isimame, inasimama kweli?"

"Mwambie inasimama."

"Anauliza ya kanisa pia inaweza kuja namna hiyo? Yeye akiwa ndani kwanza, kama mpunga?"

Nilianza kupima kichwani. Birika letu la ubatizo lilikuwa la saruji, nyuma ya mimbari, na bomba liliingia kupitia ukutani. Koki yake ilikuwa nje, nyuma ya kanisa.

"Mwambie inaweza."

"Anasema basi atakubali. Lakini kwa koki asimame Baba Wambui mwenyewe, si mtu mwingine. Na ageuke aangalie mlima."

Mnaona mzigo huo? Mchungaji angeshika mkono wake, lakini mtu aliyempa roho ya kuingia mle ni mkwe wake, mwenye chuma, amemgeuzia mgongo. Kama maji yangekuja vibaya, asingerudi tena. Angemenya viazi mpaka azikwe. Hilo tulilijua sote watatu.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu, maana ninyi mnangojea hapo.

Kila Jumamosi jioni, miaka yote, nilipanda hadi koki kuu karibu na msitu nikaifunga, ili tangi la juu lijae Jumapili watu wakiwa kanisani. Ubatizo haukusumbua mpango huo, kwa kuwa birika tulilijaza Jumamosi mchana. Lakini safari hii birika lilitakiwa kuwa kavu hadi Jumapili. Mnaelewa? Nililisugua birika. Nikaweka ndani kigoda cha Maitu cha miguu mitatu. Nikajaribu koki ya kanisa, ikatoa maji vizuri, nikaifunga, nikakausha tena kwa gunia. Kisha jua likashuka, na miguu yangu ikanipeleka mlimani, na mikono yangu ikafunga koki kuu, kama kila Jumamosi. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Mikono ilijua siku. Kichwa ndicho hakikujua.

Jumapili, siku ya Meza, kanisa limejaa. Mimi niko nyuma, ninatazama Kirinyaga kama nilivyoagizwa, na siku hiyo mlima ulikuwa wazi mpaka barafu. Mke wangu yuko kwenye dirisha dogo, kazi yake ni kuniletea neno. Nasikia Maitu anateremka ngazi za birika, anaketi kwenye kigoda. Mke wangu anasema, "Fungua."

Nikafungua robo. Bomba likatoa pumzi moja, kama ng'ombe mzee akilala. Basi. Nikafungua robo nyingine. Kimya. Watu mradi mzima walikuwa wameshafungua mifereji yao ya nyumbani asubuhi wakapika chai, na bomba lilikuwa tupu kama mfuko wangu.

Ndipo nilipokumbuka. Mwili wote ukawa baridi kuliko birika.

"Mama Wambui," nikasema dirishani, "mwambie… mwambie nimefunga huko juu."

"Umefanya nini?"

"Nimefunga. Jana. Kwa mazoea."

Mke wangu hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nilisikia minong'ono ndani, kisha sauti ya Mchungaji Mutua, inasema kwa upole akina mama wachache wanaweza kuleta ndoo. Kisha sauti ya Maitu, bila haraka.

"Ndoo ni ya kumwagiwa. Mimi nimeahidiwa itakuja polepole. Nitamngojea Baba Wambui."

Nilichukua baiskeli ya shemasi bila kumuomba. Kufika koki kuu ni mwendo wa saa nzima, na nusu yake baiskeli ndiyo inayokupanda wewe. Mimi, mtu ambaye hata dukani Majengo nilikuwa ninatuma mtoto! Nilifika juu sioni mbele, nikaingiza chuma, na kila mshipa wa mkono wangu uliniambia fungua yote, fungua yote, watu wanangoja, Maitu yuko ndani ya saruji na kikohozi chake.

Lakini nilijua kitakachotokea. Bomba lote lilikuwa na hewa. Ningefungua yote, hewa hiyo ingeshuka mbio mbele ya maji, na kanisani isingetoka maji kwanza. Ungetoka mngurumo, na tope, na kishindo kile cha mto uliojaa. Ile sauti. Yeye ameketi mbele ya mdomo wa bomba, na sauti ile anaijua.

Robo. Nikahesabu mpaka mia, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Robo. Nikahesabu tena. Nikamwona Mzee Wafula na tumbo lake, Mungu amrehemu, ananitazama viatu. Kisha nikashuka nikiyafuata maji. Nyinyi hamjui kwamba maji hufuatwa kwa sikio. Unaweka chuma juu ya bomba, unaweka sikio juu ya chuma, na yakifika hapo chini yako unasikia kitu kama mtu anayejikuna ndani ya blanketi. Kwenye mstari kulikuwa na vikoki vitatu vya kutolea hewa. Kwenye kila kimoja nilisimama, nikakilegeza, hewa ikapiga filimbi mpaka ikabadilika kuwa mate, na mate yakawa maji, nikafunga. Kikoki cha tatu kilinirushia tope usoni na shatini. Sikujali. Lile tope lilikuwa njiani kwenda kwa Maitu.

Nilipofika nyuma ya kanisa hapakuwa na wimbo. Nikajua wameondoka. Nikaegemea ukuta, na ndipo nikasikia sauti moja ndani, ndogo, inazungumza. Ilikuwa ya Maitu.

Alikuwa bado ameketi katika birika kavu. Nyimbo ziliisha, Mchungaji aliishiwa na maneno, na yeye, kwa kuwa alikuwa na muda na watu wote wamemtazama, alikuwa ameanza kuwaeleza. Nilikuta amefika kwenye gauni. Wanjiru alikuwa na gauni la manjano siku ile, alishonewa na nyanya yake. Alisema rangi ya mto. Alisema alivyokimbia ukingoni akifuata ile manjano mpaka haikuonekana. Alisema baada ya hapo alichota maji miaka yote ya kupikia na kuoga bila kuyatazama. Mke wangu alikuwa dirishani, machozi yanashuka, hajaniona. Mchungaji Mutua, mtu wa Ukambani, nilimsikia akisema polepole, "Mama, mimi sikujua. Nilikuwa nawahubiria nusu."

Nikakohoa.

"Baba Wambui? Umefika?" mke wangu akauliza.

"Nimefika. Iko hapa."

Nikaugeukia mlima. Robo. Hakukuwa na pumzi, wala kishindo, wala tope. Nilisikia maji yakigusa saruji kama mtu anayemimina chai akiogopa kumwamsha mtoto.

"Ni hii tu?" akauliza Maitu.

Watu wakacheka, kile kicheko cha watu waliobana pumzi muda mrefu. Kisha akasema, "Imefika vifundoni. Isimame."

Mke wangu alifungua mdomo aniambie, lakini nilishafunga. Maji yakasimama. Yeye sijui anatazama nini. Mimi natazama barafu.

"Ni baridi kama ile ingine," akasema. "Lakini hii inasikia."

Halafu, vijana, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, Maitu aliniita mwenyewe, bila mkalimani, kwa sauti iliyopita ukutani: "Baba Wambui! Ongeza!"

Nikaongeza. Magotini, akasimamisha. Akasema niongeze. Akainuka, wakaondoa kigoda. Kiunoni. Kifuani. Nikasikia Mchungaji akisema maneno yake, kisha maji yakajifunga juu ya Maitu. Nilianza kuhesabu kwa mazoea. Moja. Mbili. Hata tatu haikutimia.

"Ngai! Baridi!" Maitu akapiga kelele, na kanisa lote likapasuka kwa kicheko na vigelegele, na mimi nyuma ya ukuta nilikalia tope, chuma mapajani.

Mnaulizia maana. Mimi nimewaambia nilichoona. Bahari ile iliyowapitisha wana wa Israeli ndiyo iliyowafunika waliowafuata, siku moja, maji yale yale. Maandiko hayafichi hilo, ni sisi tunaolificha tukihubiri. Anayempeleka mtu majini na amwulize kwanza ni nani wake aliye mle. Kisha afungue robo.

Kanisani sikuingia, nilikuwa nimejaa tope kama nguruwe, na Maitu alikuwa akibadilisha nguo, pasingefaa nionekane karibu. Nikajificha jikoni. Karai la viazi lilikuwa pale, na kisu juu yake, na hapakuwa na mtu. Kutoka ndani wimbo wa Meza ukaanza. Nikangoja kusikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, kama siku zote. Haukufunguliwa. Kikombe kilizunguka, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mlango haukufunguliwa. Basi nikavuta kigoda cha Maitu, ambacho walikuwa wamekiweka pale kikiwa bado kinadondosha maji, nikanawa mikono, nikamenya.

Chakula kilichelewa. Mke wangu alinijia nyuma ya jiko na sahani, amevimba macho, anajizuia kucheka.

"Maitu amesema nikuambie."

"Aseme."

"Amesema kwa koki unaweza. Lakini hivi viazi umemenya mpaka vimekuwa gololi, Jumapili ijayo ya Meza uanze mapema."